Barua kwa Mzee wa Mitambo: "Mfumo Ndio Uliokataa"

Barua za mwezi huu zimekuja na mashtaka, na karibu zote zina mshtakiwa mmoja: mashine. Imemnyima mtu mkopo, imemtuhumu mtoto wa shule, inataka kumrudisha marehemu nyumbani. Nimechagua chache za kujibu. Majina na mahali nimeviondoa, na barua ndefu nimezifupisha. Mnaouliza simu ipi ina kamera nzuri, muulizeni mhariri wa ukurasa wa nyuma. Macho yangu hayaoni tofauti.

"Mashine inaweza kumchukia mtu isiyemjua?"

*Shikamoo Mzee wa Mitambo. Mimi ni fundi wa kushona nguo. Niliomba mkopo kwa aplikesheni ya simu, nikajibiwa ndani ya sekunde chache kwamba sikidhi vigezo. Sijawahi kukopa nisirudishe. Nilipiga simu huduma kwa wateja, dada akaniambia, "Samahani, mfumo ndio uliokataa, sisi hatuwezi kuuingilia." Nikauliza vigezo vyenyewe ni vipi, akasema hajui. Mzee, mashine inaweza kumchukia mtu isiyemjua?*

Marahaba mwanangu. Mashine haikuchukii wala haikupendi. Ila huyo dada amekwambia jambo lisilo kweli, na sidhani kama mwenyewe anajua kwamba si kweli. Mfumo haukukataa. Aliyekataa ni mtu. Alikataa zamani, kabla hata hujafikiria kuomba, kisha akaiachia kompyuta kazi ya kukupa habari.

Nalijua hilo kwa sababu nimekaa katika chumba kinakofanyika. Kwa miaka mingi nilikuwa mchambuzi wa mifumo katika taasisi moja ya fedha. Programu ya mikopo humpa kila mwombaji alama, tuseme kati ya sifuri na mia. Alama hiyo hutokana na wakopaji waliotangulia: nani alilipa, nani alitoroka, na wewe unafanana zaidi na kundi lipi. Mpaka hapo ni hesabu tu. Lakini hesabu haisemi akataliwe nani. Lazima mtu achore mstari.

Siku ya kuchora mstari tulikuwa mezani, chati imemulikwa ukutani. Meneja akauliza, "Tukiweka sitini, wanabaki nje wangapi?" Kijana wa takwimu akabonyeza. Safu nyekundu ikapanda karibu nusu ya ukuta. "Wengi mno," akasema meneja, "wakubwa watapiga kelele. Jaribu hamsini na tano." Safu ikashuka. "Hapo pazuri." Kwenye muhtasari wa kikao ikaandikwa: kizingiti kimepitishwa. Tukahamia ajenda ya ratiba za likizo, na hiyo ndiyo iliyotutoa jasho. Hakuna aliyeuliza walio kati ya hamsini na hamsini na tano ni watu wa namna gani. Kesho yake wafanyakazi wa dirishani wakaanza kuwaambia wateja "mfumo umekataa", kwa nia safi kabisa.

Kwa fundi kama wewe kuna jambo la ziada. Aplikesheni za mikopo zilizoea kuomba ruhusa ya kuona kila kitu kwenye simu: meseji, majina ya watu unaowasiliana nao, picha, mahali ulipo. Mwaka 2023 Google ilizikataza aplikesheni za mikopo zilizo kwenye duka lake kugusa picha na majina ya watu wa mteja, baada ya malalamiko kwamba wadai walikuwa wakiyatumia kuwaaibisha wakopaji. Hata bila hayo, mtu anayelipwa taslimu mkononi haachi nyayo ambazo kompyuta inaweza kuzifuata. Wewe unajijua kuwa mlipaji. Yenyewe inaona ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu kwake husomeka kama hatari.

Usidhani mambo haya yanaishia kwenye mikopo. Kule Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta, upungufu ambao haukuwepo. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo. Wengine walifungwa, wengine wakauza nyumba kulipa fedha ambazo hawakuziiba. Wengi walipopiga simu kulalamika waliambiwa kila mmoja kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Na tazama sheria ilivyowaumiza: zamani, anayeleta ushahidi wa kompyuta mahakamani kule Uingereza alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sheria ya mwaka 1999 ikalifuta sharti hilo. Tangu hapo kompyuta ikahesabiwa kuwa sahihi mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Msimamizi wa posta ndogo angeonyeshaje, na programu yenyewe haruhusiwi kuichungulia? Ilichukua hadi 2019 kwa Mahakama Kuu kusema wazi kwamba Horizon ilikuwa na kasoro, na hadi 2024 kwa Bunge kutunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja.

Australia nao walikuwa na Robodebt. Serikali ilichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka idara ya kodi, ikayagawa kwa 26, yaani kwa kila wiki mbili, kisha ikalinganisha na kile mtu alichosema alipokuwa akipokea msaada wa wasio na kazi. Sasa chukua mtu aliyefanya kazi miezi sita, akakaa bila kazi miezi sita. Kwa hesabu ile, anaonekana alikuwa na mshahara mwaka mzima huku akila msaada. Akatumiwa deni. Mwanafunzi wa shule ya msingi angeliona kosa hilo kwa penseli. Maelfu kwa maelfu ya watu walidaiwa hivyo, na mwaka 2023 tume rasmi ya uchunguzi ikasema mpango ule haukuwa wa haki wala wa kisheria. Kompyuta ilifanya kile kile ilichoambiwa. Ilijua kugawanya.

Turudi kwako. Usipige simu tena, andika. Uliza mambo matatu. Ni taarifa zangu zipi mlizotumia? Ni nani, kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kubatilisha uamuzi huu? Na naomba ombi langu lipitiwe na binadamu. Hilo la mwisho katika nchi kadhaa si fadhila. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inalizungumzia katika kifungu cha 22. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inalizungumzia katika kifungu cha 35. Tafuta sheria ya mahali ulipo na ukitaje kifungu kwenye barua. Barua yenye namba ya kifungu haikai chini ya rundo.

Pengine watakukatalia tena. Nimeona maombi mengi yaliyostahili kukataliwa, na sikujui vya kutosha kusema lako halimo. Lakini safari hii ukataliwe na mtu mwenye cheo na saini.

Insha ya asilimia 92

*Mzee, mimi ni mwalimu wa sekondari. Shule imenunua programu ya kubaini insha zilizoandikwa na akili mnemba. Imesema insha ya msichana mmoja ni ya mashine kwa asilimia 92. Binti analia, anasema ameandika mwenyewe. Mwalimu mkuu anataka apewe sifuri na barua ya onyo. Mimi namwamini binti lakini sina ushahidi.*

Mwalimu, ni kweli huna ushahidi. Mwalimu mkuu naye hana. Ile asilimia 92 ni kisio lililovaa tai. Mwambie hivyo kwa adabu zote, ila umwambie kabla barua haijapigwa muhuri.

Programu hizi hazimwoni aliyeandika. Zinapima jinsi maneno yanavyotabirika: baada ya neno hili, je, lililofuata ni lile ambalo wengi wangeliweka? Likiwa ndilo, mara kwa mara, programu inashuku mashine, kwa sababu mashine nayo huandika kwa kuchagua yanayotarajiwa. Shida ni kwamba mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunzia darasani hufanya vivyo hivyo. Anatumia maneno aliyo na hakika nayo. Hathubutu kucheza na sentensi kwa sababu ameshakatwa alama akithubutu.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba za aina hii. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Zote ziliandikwa na binadamu. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote bila kuguswa. Hukusema binti yako aliandika kwa lugha gani. Kama ni Kiingereza, umeshaona shida ilipo. Kama ni Kiswahili, muulize aliyewauzia programu aliijaribu kwa insha ngapi za Kiswahili, kisha umtazame usoni.

Hata wenye kuzijua mashine hizi wamenyoosha mikono. OpenAI, walioitengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kubaini Januari 2023, wakaiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilizima programu ya kubaini ya Turnitin, mfumo ambao wanafunzi hupitishia kazi zao zikaguliwe, Agosti 2023. Walipiga hesabu: mwaka 2022 wanafunzi waliwasilisha kupitia Turnitin kazi 75,000. Programu ikikosea mara moja tu katika mia, hizo ni kazi 750 zinazotuhumiwa bure. Wakaona hawako tayari kukaa na wazazi 750.

Siwatetei wanaodanganya. Wapo, na wanaongezeka. Lakini njia ya kuwapata ni ya zamani na haina leseni ya kulipia: kaa na binti, insha iwe mezani, na usimfokee. Mwombe akueleze kwa nini alianza na mfano ule. Muulize aya ya pili alitaka kusema nini, na ni sentensi gani iliyomsumbua. Aliyeandika mwenyewe hukumbuka alipokwama, hata kama hakumbuki alichokiandika. Aliyenakili hujua kilichoandikwa lakini hana pa kukuonyesha alipokwama. Dakika kumi zinatosha. Kama alitumia kompyuta, omba akufungulie faili umuone alivyokuwa akifuta na kurudia.

Na mwalimu mkuu muulize swali moja tu: wazazi wakija, nani atakaa nao? Programu haiji kwenye vikao.

Kwa ufupi: kobalti

*Nimesikia betri za simu zinatengenezwa kwa kobalti inayochimbwa na watoto. Je, niache kutumia simu?*

Hapana. Ukiacha wewe, mgodi hautajua. Ni kweli kwamba karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwamba sehemu yake huchimbwa kwa mikono katika mashimo ambamo watoto wamekutwa. Ni kweli pia kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Unachokiweza ni kukaa na simu yako. Ikizimika haraka, badilisha betri. Kioo kikipasuka, badilisha kioo. Na ikiwa kampuni imeigandisha betri kwa gundi ili fundi ashindwe, hilo ni la kupigia kelele, kwa maana kuna mtu aliyeamua gundi hiyo iwekwe. Bunge la Ulaya limeshatunga sheria inayodai betri za simu ziweze kubadilishwa, ianze kutumika mwaka 2027. Hawakufika hapo kwa kuacha simu.

Sauti ya mama

*Mzee, mama yetu alifariki mwaka jana. Nina ujumbe wake mwingi wa sauti kwenye simu. Kuna kampuni inayotengeneza programu itakayoongea kwa sauti yake, ukiuliza inajibu kama yeye. Dada yangu anasema ni kukufuru. Mimi naona ni kama kutazama picha. Nani yuko sahihi?*

Pole sana, mwanangu. La kukufuru nawaachia wenye elimu ya dini, mimi si mmoja wao. Lakini hilo la picha sikubaliani nalo. Picha haikujibu.

Mwaka 1966 profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, Joseph Weizenbaum, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Ukiandika jambo linalomhusu mama yako, inakurudishia: nieleze zaidi kuhusu familia yako. Haikuelewa chochote, ilikuwa inageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Weizenbaum alisimulia kwamba katibu wake, aliyemwona akiijenga kwa miezi na kujua fika ni programu tu, aliomba baada ya kuandikiana nayo kidogo kwamba bosi wake atoke chumbani amwache nayo faragha. Jambo hilo lilimshtua kuliko mafanikio yoyote ya mashine ile. Mwaka 1976 alitoa kitabu kizima akionya kuna kazi ambazo hazifai kukabidhiwa kompyuta, hata kama inaziweza. Na ELIZA haikuwa na sauti, sembuse sauti ya mama wa mtu.

Kwa hiyo siogopi kwamba utaamini ni yeye. Utajua si yeye, na bado utataka watu watoke chumbani.

Ninachokiogopa ni siku utakayoiuliza lile swali. Kila mfiwa ana lake. "Mama, ulinisamehe?" Programu itajibu. Haina namna ya kunyamaza, imetengenezwa ijibu. Itasema "ndiyo mwanangu" kwa sauti ileile, na maneno hayo yatakuwa yameunganishwa na kompyuta ya kampuni usiyoijua. Baada ya miaka mitano, ukikumbuka maneno ya mama yako, utaweza kutenganisha aliyoyasema na yale ya programu? Mimi nisingeweza.

Halafu kuna dada yako. Sauti ile ni urithi wenu wote, na katika urithi huu mmoja akiuza, hakuna kinachobaki cha kugawana. Ukiipakia kwa kampuni bila ridhaa ya ndugu zako umewafanyia jambo ambalo hawawezi kulirudisha nyuma. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu inayoiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Wezi nao wameshajifunza: Hong Kong, mwaka 2024, iliripotiwa kwamba mfanyakazi wa kampuni alituma takriban dola milioni 200 za Hong Kong baada ya mkutano wa video ambamo wenzake wote aliowaona na kuwasikia walikuwa wa kutengenezwa. Sauti ya mama yenu ikivuja, fikiria simu watakayopigiwa wajomba.

Ungeniuliza mimi, ningefanya hivi. Ujumbe wote ule utoe kwenye simu, maana simu huibiwa. Uhifadhi mahali pawili, kila mmoja na tarehe yake. Kaa na dada yako msikilize pamoja, mwandike pembeni alikuwa anasema nini na kwa nini alituma. Mtagundua vitu. Nusu ya ujumbe wa kina mama ni maagizo.

Na kama baada ya hapo bado unaitaka ile programu, soma mkataba mpaka mahali panapoeleza itakuwaje ukiacha kulipa.

"Kama huna la kuficha…"

*Mume wangu ameweka aplikesheni inayomwonyesha nilipo saa zote. Nikilalamika anasema, "Kama huna la kuficha, kinakuuma nini?" Nimjibu vipi?*

Dada yangu, mwombe naye aiweke, umuone anavyosita. Kama hasiti, bado mna shida, maana mnaoonekana si nyinyi wawili tu. Kila hatua yako inapitia kwenye kompyuta za aliyeitengeneza ile aplikesheni. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, aplikesheni ya watu wanaokimbia kwa mazoezi, imeanika kambi za kijeshi za siri. Askari walikuwa wakikimbia kuzunguka kambi na vifaa vyao mkononi, na mizunguko yao ikang'aa kwenye ramani katikati ya jangwa. Hakuna askari aliyekuwa na lake la kuficha. Walikuwa wanafanya mazoezi.

Ikiwa mlikubaliana wote wawili, kwa sababu mnayoijua, kwa mfano unarudi usiku peke yako, sina neno. Ikiwa aliiweka bila kukuuliza, hilo si suala la simu tena, na mimi ni mtu wa mitambo tu. Mshirikishe mtu mzima unayemwamini. Na ikiwa unaogopa atakavyofanya ukiizima, usiizime kwanza: tafuta msaada kwa kutumia simu ya mtu mwingine, kwa sababu hiyo yako inamwambia.

Kazi ya kuifundisha mashine

*Mzee, shikamoo. Nimemaliza chuo na nimepata kazi kwenye kampuni inayohudumia makampuni makubwa ya mitandao ya nje. Nitakuwa natazama video na kusoma maandishi, naweka alama yapi ni ya ukatili, ili akili mnemba ijifunze kuyatambua. Wanataka nisaini mkataba wa kutunza siri siku ya kwanza. Rafiki zangu wanasema mashine inajifunza yenyewe, kazi hii itakwisha karibuni. Niende?*

Marahaba, na hongera kwa kumaliza. Rafiki zako wamedanganywa, kama walivyodanganywa wengi. Mashine zile zimesimama juu ya mabega ya watu kama wewe. ImageNet, hazina ya picha iliyotoka mwaka 2009 na kuzifundisha kompyuta kutambua vitu, ilikua hadi picha zaidi ya milioni 14, na zilitambuliwa na maelfu ya vibarua wa mtandaoni, picha moja baada ya nyingine: huyu mbwa, hiki kikombe, hili daraja. Kila unaposikia kompyuta imejua yenyewe, jua kuna mtu aliyebonyeza.

Sasa wewe hutapewa vikombe na madaraja. Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, waliosoma maandishi ya mauaji, mateso na unyanyasaji wa watoto ili OpenAI itengeneze chujio la ChatGPT. Walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Kabla yake, mwaka 2022, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook hukohuko Nairobi, alifungua kesi dhidi ya Meta, kampuni mama ya Facebook, na Sama kwa madhara aliyoyapata. Wenzake wakafungua nyingine. Meta ikajitetea kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa makao yake hayako huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema inaweza. Na Marekani, mwaka 2020, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wachujaji wa huko walioumizwa akili na kazi hiyohiyo.

Sisemi usiende. Ningekuwa na umri wako, sina kazi, ningeenda, na najua wapo wanaoifanya na kujivunia, kwa sababu wanachokiona wao mtoto wa mtu mwingine hatakiona. Ila uliza kabla. Ni saa ngapi kwa siku nitatazama ukatili, na baada ya hapo napewa kazi gani ya kupumzisha akili? Naweza kuondoa rangi na sauti kwenye video? Inasaidia, hata kama unaona ni jambo dogo. Mshauri wa saikolojia yupo, ana taaluma, na nikiongea naye anampelekea nani maneno yangu? Idadi ya video kwa saa ameipanga nani? Nikiumwa na hayo miezi sita baada ya kuacha kazi, atanitibu nani: kampuni hii, au hiyo ya nje ambayo jina lake hamtaki niliandike?

Kuhusu siri: kampuni ina haki ya kuficha siri za wateja wake. Haina haki ya kukukataza kumwambia daktari kinachokunyima usingizi. Itafute sentensi hiyo kwenye mkataba. Kama haimo, omba iandikwe. Wakikwambia mkataba hauruhusiwi kutoka ofisini, uusome palepale na usaini sasa hivi kwa kuwa wenzako wanasubiri, rudi nyumbani bila kusaini, kisha uniandikie tena.